Atakayelalamika Kwanza

Wifi yangu anaogopa mahali pa juu. Sikuambiwa na mtu. Nilijionea mwenyewe siku aliposimama juu ya stuli kutundika pazia la jikoni, akafika juu, akaganda. Tulikuwa hatujasemeshana tangu juzi yake, lakini ilibidi aniite mimi nimshike kiuno ashuke. Nikamshusha taratibu, sikumcheka hata kidogo. Nikaweka akiba.

Niwaeleze kwanza tulivyokuwa tukiishi, msije mkadhani mbaya ni mimi peke yangu. Tulikuwa watatu katika nyumba ya ghorofa ya nne, ugenini, mbali na kwetu kwa ndege mbili. Vyumba vya kulala viwili, na sebule ambayo nusu yake ni jiko. Kaka yangu ni fundi wa lifti. Watu wakikwama kati ya ghorofa ya sita na ya saba, yeye ndiye anayeitwa. Mke wake, yaani huyo wifi yangu, ni fundi cherehani katika duka la dobi: anapunguza suruali, anabadilisha zipu, anaficha matundu ya nondo kwenye makoti ya watu. Mimi natengeneza meno ya bandia. Si daktari, msinipandishe cheo. Daktari anachukua kipimo cha mdomo, analeta, na sisi huko nyuma kwenye karakana tunamimina plasta, tunapanga jino moja moja kwenye nta, tunasaga, tunang'arisha, tunarudisha. Nusu ya wazee wa mji ule wanatafuna kwa kazi ya mikono yangu, na hakuna hata mmoja anayenijua.

Chumba kidogo kilikuwa changu. Wifi alikitaka kwa ajili ya cherehani yake, lakini hakuwahi kulisema hilo kwa mdomo. Alikuwa anapita mlangoni na utepe wa kupimia shingoni, anaangalia dirisha langu, anaguna. Mimi nami sikuwa malaika. Vumbi la plasta nililorudi nalo kwenye viatu lilifika mpaka kitandani kwao. Pini zake kwenye kochi zilinichoma mahali nisipoweza kupataja mbele ya watu wenye heshima zao. Nani kamaliza maji ya moto, nani kaacha birika tupu, nani kaanika nini wapi: kila tukikaa kula, kaka alisikiliza kesi mbili kabla hajameza tonge la kwanza.

Ijumaa moja akagonga kijiko mezani.

"Basi! Kutwa nzima nasikiliza watu waliokwama kwenye lifti, nikirudi nyumbani nawakuta ninyi. Kuanzia kesho, kila Jumamosi mtatoka ninyi wawili, mkaione hii nchi. Mtapanga kwa zamu. Mmoja akipanga, mwenzake anafuata, hakuna kuuliza. Na atakayelalamika kwanza, iwe kwangu, iwe kwa mwenzake, iwe kuhusu safari, iwe kuhusu mtu, huyo kashindwa."

"Akishindwa inakuwaje?" wifi akauliza upesi. Huyo ni mtu wa kupima kabla ya kukata.

"Ukishindwa wewe, chumba ni cha mdogo wangu mpaka atakapokichoka mwenyewe, na sitaki kusikia mtu anaguna mlangoni. Akishindwa yeye, atafute chumba chake mjini kabla ya mwezi kwisha."

Wifi akanitazama. Nikamtazama. Kila mmoja wetu aliona mwenzake ameshashindwa.

Sasa mtasema, si ungehama tu kwa hiari yako, mtu mzima una kazi yako? Subirini. Nilipofika nchi ile, wiki tatu za kwanza nilikaa peke yangu katika bweni la wafanyakazi. Ijumaa jioni nilikuwa nawaambia wenzangu kazini "kwaherini", na neno lililofuata kutoka mdomoni mwangu lilikuwa "hamjambo", Jumatatu asubuhi. Katikati hapo, kimya. Wiki ya tatu nilijikuta nabishana na birika. Nilikuwa na hoja nzuri sana, lakini lile lilikuwa birika. Kaka alipokuja kunichukua na sanduku langu nililia ndani ya lifti, yeye akadhani naogopa lifti, akaanza kunieleza habari za breki. Kwa hiyo nilikuwa naogopa kuishi peke yangu kuliko wifi anavyoogopa stuli. Hilo wifi hakulijua, na sikukusudia alijue.

Zamu ya kwanza ikawa yangu. Ile akiba nikaitoa.

Nilimpeleka kwenye mnara wa saa, mji wa jirani, ngazi mia tatu themanini na sita, nyembamba, za mzunguko, zenye vidirisha vya kuchungulia chini kila baada ya hatua ishirini. Nilimtanguliza, kwa adabu, mkubwa mbele. Kwenye ngazi ya hamsini akanyamaza. Kwenye ya mia akafumba macho. Baada ya hapo alikuwa anapanda kwa kupapasa ukuta na kunong'ona, "Pazuri. Pazuri. Pazuri." Tulipofika juu aligeuka, akabandika paji la uso ukutani, akasema kwa sauti kubwa, "Lo! Mandhari gani haya!"

"Si ugeuke uyaone, wifi yangu?"

"Nayaona hivihivi."

Nikampiga picha na ule ukuta. Kushuka kulituchukua saa nzima, kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine, na watu wakipita juu yetu wakiomba radhi. Nyumbani kaka akauliza ilikuwaje. Wifi magoti yanacheza bado, akasema, "Sijawahi kufurahi hivi tangu nizaliwe." Hapo nikajua kwamba huyu mtu atakufa na tai shingoni.

Mwosha huoshwa. Kaka, kwa mdomo wake mwenyewe, alikuwa amemsimulia mkewe kwamba utotoni nilikuwa natapika nikipanda bembea. Jumamosi ya pili wifi akanipakia kwenye meli ndogo ya kuzunguka ziwa, saa nne, na upepo siku hiyo ulikuwa na ugomvi wake binafsi. Alitafuta viti vya mbele kabisa, pale panaponyanyuka na kushuka. Alikuwa amebeba mayai ya kuchemsha. Aliyamenya moja moja karibu na pua yangu, kwa utulivu, akiniuliza kama ninataka na chumvi.

Sitaeleza yaliyotokea kwenye ukingo wa meli. Itoshe kusema kwamba abiria wa upande ule walihamia upande mwingine. Nilipoweza kunyanyua kichwa, wifi alikuwa amesimama na leso mkononi, uso mpole kama wa muuguzi.

"Unaonaje, wifi?"

"Hewa ya ziwani," nikasema, "imenisafisha tumbo. Nashukuru mno."

Basi ikawa hivyo. Nikampeleka kwenye shamba la farasi, akapewa farasi aliyemchukia waziwazi. Akanipeleka kwenye jumba la makumbusho ya makufuli, chumba baada ya chumba cha makufuli, na kila mara mwongoza wageni alipotaka kumaliza maelezo, wifi alinyoosha mkono akauliza swali jingine. Kijana wa watu alifurahi karibu kulia. Inaonekana hajawahi kuulizwa. Akatufungulia stoo. Huko stoo, ndugu zangu, kulikuwa na makufuli mengine. Nilisimama saa tatu na nusu kwa viatu vipya, nikatoka natabasamu kama seti ya meno kwenye kabati la kazini.

Na kila tukirudi, taarifa ilikuwa ileile. Pazuri, kaka. Pazuri sana, mume wangu. Tunashindana kusifu. Akisema yeye safari ilikuwa tamu, mimi nasema ilikuwa fupi mno. Nikisema ilikuwa fupi mno, yeye anasema angetamani tungelala kulekule.

Kaka alinenepa kwa furaha. Aliwasimulia mafundi wenzake kazini jinsi alivyomaliza vita vya mke na dada kwa kijiko kimoja, na nasikia kuna mmoja alikwenda kujaribu kwake, akafukuzwa nyumbani. Jumamosi zake zikawa za raha tupu. Tunapotoka alfajiri anageuka upande wa pili na blanketi. Tukirudi jioni tunamkuta kwenye kochi, mpira kwenye televisheni, kikombe kifuani. Wifi alikuwa na tabia ya kumtumia picha popote tulipofika: hapa ziwa, hapa farasi, hapa mimi nikiwa kijani kibichi kwa kichefuchefu. Kaka alijibu kwa alama ya dole gumba. Picha tano, dole gumba moja. Nilikuwa namwona wifi ameshika simu, anasubiri kama kuna neno litafuata. Halafu anaiweka mkobani. Mimi nilikuwa nahesabu ushindi, sikulijali hilo kwa wakati ule.

Jumamosi ya saba nilikodi baiskeli ya watu wawili.

Wifi hajui baiskeli. Nilimwambia huku ni kukaa tu, mimi nitaendesha, yeye atafurahia upepo. Nilikuwa nimechagua njia ya kando ya mfereji yenye mteremko mmoja mkali. Nilikuwa nimeuona kwenye ramani, nikaupenda. Ninachokiri hapa ni kwamba sikuwahi kuendesha baiskeli ya watu wawili. Ukiwa na mtu nyuma ambaye hakanyagi, hapingi, hashiki breki, ila amekukumbatia tumbo na kupiga mayowe ya furaha kwa sababu mayowe ya hofu yangehesabiwa kuwa lalamiko, kile kitu hakina adabu. Tulishuka ule mteremko tukiwapita watu wenye pikipiki. "Nafurahiii!" wifi alipiga kelele. "Nafurahi mnooo!" Kwenye kona, baiskeli ilikwenda njia yake na sisi tukaenda yetu, tukatua katikati ya shamba la kabichi.

Kimya. Nikageuza shingo kuangalia kama nimemuua mke wa mtu. Alikuwa amekaa kwenye tuta, kiatu kimoja hana, jani la kabichi begani kama cheo cha kijeshi. Mwenye shamba alikuwa amesimama hatua kumi kutoka pale, jembe mkononi, hajui aanzie wapi.

Wifi akamgeukia, akamwambia kwa lugha yao, kwa ufasaha, "Pazuri sana hapa. Hasa kabichi."

Ndugu zangu, nilicheka. Nilijaribu kujizuia, nikashindwa. Na yeye akacheka. Tulicheka mpaka mwenye shamba akaweka jembe chini, na mpaka mbavu zangu zilizogongwa zikaanza kuomba msamaha. Kisha tukatazamana, tukakumbuka sisi ni nani, tukanyamaza ghafla kama watu waliofumaniwa. Njia nzima ya kurudi hatukusemezana.

Jumatatu nikakuta suruali yangu ya kazi, iliyochanika goti shambani, imeshonwa, imepigwa pasi, imewekwa juu ya kitanda changu. Mshono hauonekani hata ukiutafuta kwa kidole. Sikusema asante, maana ukishasema asante vita vimekwisha. Ila tangu siku ile nilianza kukung'uta viatu vyangu chini kwenye ngazi kabla sijapanda. Naye hakusema kitu. Ila pini kwenye kochi zilipungua.

Ikaja Jumamosi ya kumi, zamu yake.

Asubuhi ile nilishtuka kumwona amevaa gauni ambalo sijawahi kuliona, la rangi ya zambarau iliyokolea, ameshona mwenyewe, kiuno kimekaa sawasawa. Kaka alikuwa bado amelala. Wifi alisimama mlangoni pa chumba chao muda kidogo, ameshika mkoba kwa mikono miwili, akimwangalia. Kisha akafunga mlango polepole, akaniambia, "Twende."

Tulipanda treni ya saa tatu, mwendo wa saa mbili. Nilikaa chonjo. Nilikuwa nimemeza dawa ya kichefuchefu, nimevaa viatu vya zamani, nimebeba mwavuli. Nilimuuliza kuna makufuli huko tuendako, akasema hakuna. Nikauliza kuna mawimbi, akasema hakuna. Akageuza uso dirishani, hakunichokoza tena, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Tulishuka mji mdogo wenye maua kila dirisha. Tukatembea dakika kumi tu, njia tambarare, kivuli tele. Tukaingia kwenye hoteli ya kizamani yenye bustani nyuma, na mhudumu mwenye tai nyeusi akaangalia daftari lake, akatupeleka kwenye meza ya pembeni karibu na bwawa dogo. Meza ya watu wawili. Kitambaa cheupe, mshumaa, waridi moja, na kadi iliyoandikwa kwa mkono mzuri, ya kuwakaribisha bwana na bibi.

Mhudumu alitutazama. Akaangalia kadi. Akatutazama tena.

"Bwana yuko njiani?" akauliza.

"Bwana wa leo ni huyu," wifi akasema, akinionyesha kwa kidevu. "Mpe kiti."

Nikakaa. Nikainua kitambaa cha meza kuchungulia chini, nikitafuta mtego. Nikainusa supu kabla ya kuila. Ilikuwa supu nzuri. Mkate ulikuwa wa moto. Bata wawili walipita bwawani bila kutusumbua. Nilikaa pale nasubiri janga, janga haliji, mpaka mhudumu aliporudi amebeba keki ndogo yenye mshumaa mmoja, na wenzake wawili nyuma yake wanapiga makofi taratibu, wakatupongeza kwa miaka mitatu ya ndoa.

Watu wa meza nyingine nao wakapiga makofi. Mzee mmoja akaniinulia glasi.

Wifi aliwashukuru wote kwa kichwa. Akapuliza mshumaa. Akaikata keki, akaniwekea kipande kikubwa, akajiwekea kidogo, akaanza kula bila kunitazama.

"Wifi," nikasema, "leo ni siku yenu?"

"Leo."

"Na kaka?"

"Nilimwambia wiki mbili kabla. Nikamwambia, zamu ni yangu ya kupanga, safari hii twende mimi na wewe, dada atatusamehe." Alikuwa anaongea na keki. "Akasema, mbona ninyi mnafurahi sana mkienda wawili? Mpeleke dada, mimi nipumzike. Akanibusu hapa kwenye paji la uso. Akarudi kwenye mpira."

Nikaweka uma chini. Wiki kumi tulikuwa tumempelekea yule mwanamume sifa kwa sinia. Pazuri, pazuri, pazuri. Nani angeondoka kwenye kochi? Ametuliwa mzigo, ameambiwa mzigo wenyewe unafurahia kubebwa na mtu mwingine. Na mimi ndiye niliyekuwa nasifu kwa sauti kubwa zaidi.

Lakini nitasema kweli, maana nimeshaanza. Huruma haikutangulia. Kilichotangulia ni kwamba niliona mlango uko wazi. Mtu huyu amejaa mpaka hapa kooni. Msukumo mmoja tu na atalalamika, na akilalamika chumba ni changu, dirisha langu, sauti za watu ukutani, maisha yangu yote ya ugenini bila kubishana na birika. Swali lilikuwa tayari mdomoni. Nikaliuliza, kwa sauti ileile tuliyotumia wiki kumi kuchokozana.

"Unapaonaje hapa, wifi yangu?"

Akainua macho. Hayakuwa na machozi. Yalikuwa yamechoka tu.

"Pabaya," akasema. "Haya, umelisikia. Pabaya, na nimechoka. Nilikuja nchi hii kuishi na mume wangu, wiki kumi natembezwa na dada yake. Sina ubaya na wewe. Wewe angalau unanifanyia visa. Yeye hata kisa hanifanyii." Akafuta midomo kwa kitambaa, akakikunja vizuri kwa kingo, kama kitu cha mteja. "Mwambie nimeshindwa. Chumba kaa nacho."

Nilikuwa nimeshinda.

Nikasema nakwenda msalani. Nikapita msala, nikasimama kwenye kile kichumba cha kutundikia makoti, katikati ya makoti ya watu nisiowajua, nikampigia kaka. Simu iliita sana. Alipopokea nilisikia mtangazaji wa mpira nyuma yake.

"Ehe, dada! Pazuri?"

"Kaka, nalalamika."

"Nini?"

"Nalalamika. Zima hiyo televisheni."

Akaizima. Sijui ni nini alisikia kwenye sauti yangu.

"Mimi ni mdogo wako," nikasema, "na mdogo hamkemei mkubwa wake, kwa hiyo niache nikukemee kwanza, uniadhibu baadaye. Leo ni tarehe ngapi? Usinijibu, nitakuambia mimi. Leo ni siku uliyooa. Mke wako amevaa gauni jipya, amesimama mlangoni anakuangalia umelala, na wewe ulikuwa unakoroma. Nimekaa kwenye kiti chako. Nimekula supu yako. Nimepigiwa makofi yako, kaka, kuna mzee hapa amenipongeza kwa kumwoa mkeo! Mwaka mzima unawatoa watu wa mbali waliokwama kwenye lifti, wa kwako humsikii akigonga. Picha hamsini amekutumia, umemjibu dole gumba. Dole gumba ni jibu la kumpa mke? Na sisi tulikuwa tunakudanganya. Hakuna palipokuwa pazuri. Mnara ulikuwa mbaya, meli ilikuwa mbaya, makufuli sitaki hata kuyataja. Treni inaondoka saa sita na nusu. Vaa suruali."

Nikasikia kochi likilia, anainuka.

"Unajua kwamba umelalamika?" akasema kwa sauti ndogo.

"Najua."

"Na unajua nilisema nini."

"Nilikuwepo, kaka. Vaa suruali."

Nikakata. Niliona aibu, kisha nikaona hofu, hofu yenyewe hasa, ya Ijumaa jioni mpaka Jumatatu. Nikashika mkono wa koti la mtu mpaka ikapungua. Kisha nikarudi mezani.

"Anakuja," nikasema.

Wifi akasukuma sahani pembeni. "Umemwambia nimeshindwa?"

"Nimemwambia nalalamika."

"Wewe? Lakini mimi ndiye niliyetangulia."

"Nani alikusikia? Mimi vumbi la plasta limeniziba masikio miaka mingi."

"Mjinga wewe," akasema, na sasa ndipo machozi yalipomtoka, akayafuta kwa hasira. "Mjinga kabisa. Una akili ya jino la bandia."

"La mbele au la nyuma?"

"La nyuma."

Tulimsubiri saa mbili na ushei. Tulikunywa chai birika tatu, tukamsengenya kaka kwa utulivu na kwa haki, nikapata kujua mambo ya ndoa yao ambayo dada mtu hastahili kuyajua. Mhudumu alipita kila mara kuuliza kama tunahitaji kitu, akiwa na uso wa mtu anayetaka sana kujua mwisho. Nilimweleza wifi habari za bweni na za birika. Sikujua kama nitamweleza, lakini nilimweleza. Hakucheka. Aliniuliza tu kwa nini sikumwambia tangu mwanzo, nikamuuliza kwa nini naye hakusema anataka chumba, akanimiminia chai nyingine.

Kaka alitokea bustanini amevaa koti la kazini lenye madoa ya grisi, maana ndilo lililokuwa karibu na mlango. Soksi moja nyeusi, moja ya kahawia. Mikono mitupu. Alisimama mbele ya meza kama mwanafunzi aliyechelewa, akatutazama, akatazama bwawa, akatazama mabaki ya keki. Akafungua mdomo.

"Pazu..."

"Ukisema hilo neno," wifi akasema, "nitakutupa kwa bata."

Akafunga mdomo. Kisha akasema jina la mkewe, lile alilopewa na mama yake, ambalo mimi sijawahi kulisikia likitoka kinywani mwa kaka. Akamwambia anaomba radhi. Alilisema mbele yangu, mbele ya mhudumu, mbele ya yule mzee wa glasi.

Nikainuka kwenye kile kiti. Nikachukua mwavuli wangu na mkoba wangu. Kaka akakaa. Kilikuwa bado kina joto langu.

"Na wewe unakwenda wapi?" wifi akaniuliza.

"Kutafuta chumba. Sheria ni sheria."

Kaka akataka kusema kitu. Wifi akamwekea mkono juu ya mkono, akamnyamazisha, huku ananitazama mimi.

"Tafuta cha karibu," akasema.

Nilipata mtaa wa pili kutoka kwao, mwendo wa dakika sita kwa miguu. Mpaka leo wifi analalamika kwamba ni mbali.